Ndege zilizokuja Rufiji ndani ya masanduku

Wadau wa kibaraza hiki, nimekuwa kimya kwa wiki kadhaa. Sikuugua, wala mhariri hakunifunga mdomo. Nilikuwa Mahege, kule Kibiti, nimekaa kwenye jamvi barazani kwa mjomba wangu nikiunganisha ndege ya plastiki. Ndiyo, mtu mzima, mwandishi wa habari mwenye kitambulisho cha kazi, nimeshika bawa lisilozidi urefu wa kiganja na ulimi umenitoka nje kama mtoto wa chekechea anayejifunza kuandika. Chekeni kwanza, halafu nisikilizeni, maana ndege hiyo ndiyo iliyonifanya nimwombe radhi mzee niliyembishia kwa miaka mingi.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mjomba alikulia deltani, upande wa Salale, na huko alikuwa fundi wa mitumbwi na mashua kabla ya kuhamia Mahege kwenye korosho zake. Ukimtajia ile manowari ya Wajerumani iliyojificha Rufiji wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, atakusimulia alivyosikia kwa wazee wake: Waingereza walileta ndege kuitafuta, na ndege zikashindwa kwa sababu "ziliachia". Ndivyo anavyosema, ziliachia. Gundi ililegea kwa joto, mbao zikaachana, ndege zikabaki kuni. Mimi, kwa kuwa nimesoma, nilimwambia tena mbele ya watu, siku ya arusi, kwamba hizo ni ngano. Ndege ilipigwa kwa mzinga ikaanguka mtoni, imeandikwa kitabuni. Mjomba akanitazama, akasema, "Sawa, mjomba. Wewe una kitabu." Akanyamaza. Mliolelewa na watu wa pwani mnajua kwamba kunyamaza kwa namna ile kunauma kuliko tusi.

Sasa tuje kwenye plastiki. Rafiki yangu aliyekuwa masomoni Uingereza aliniletea kisanduku cha ndege ya Sopwith Pup, ya kipimo cha 1/72, yaani kila sentimita 72 za ndege ya kweli zimekuwa sentimita moja. Kwa wasioijua michezo hii: ndani ya kisanduku hakuna ndege. Kuna fremu za plastiki ambazo vipande vimeshikamana nazo kama maembe kwenye kikonyo, na karatasi ya michoro inayokuambia kipande namba 3 kiingie kwenye namba 7. Unakata, unasugua, unagundisha, unapaka rangi. Waingereza walianza kuuza vifurushi vya ndege za plastiki vya namna hii mwaka 1936, chini ya jina la Frog Penguin. Wakaziita penguin kwa kuwa ni ndege asiyeruka. Baada ya Vita Kuu ya Pili plastiki aina ya polistairini ikawa rahisi, na katika miaka ya 1950 vikasambaa kwa watoto wa huko kama sisi tulivyosambaa na magari ya waya.

Kwa nini Pup? Kwa sababu Sopwith ndiyo kampuni iliyotengeneza baadhi ya ndege zilizoletwa Rufiji mwaka 1915. Zile za Rufiji zilikuwa za aina nyingine, kubwa zaidi, za kutua majini. Pup yenyewe iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1916, wakati hadithi yetu imekwisha. Nikasema haidhuru, mtoto wa baba mmoja. Nitamjengea mjomba, nimtundikie barazani, iwe suluhu. Mpango mzuri sana, kwenye karatasi.

Gundi yake haikuja na kisanduku. Nikapita Kariakoo nikanunua supagluu, msasa, wembe na vibanio vya nguo, nikapanda gari la Kibiti. Kisanduku nikakiweka mbele, juu ya dashibodi, kisibanwe na mizigo. Barabara ya Kilwa, jua la saa saba mchana, kioo cha mbele, na foleni ya Mbagala. Nilipofungua pale Mahege, bawa la juu lilikuwa limejikunja kama kipande cha muhogo kilichoanikwa.

Mjomba akalichukua, akalipima kwa jicho moja, akanirudishia. "Limeachia," akasema.

Sikupenda. Lakini ngoja niwarudishe nyuma, maana bila historia hamtaelewa kwa nini neno hilo moja lilinikaa rohoni usiku kucha.

Königsberg ilikuwa manowari ya mwendo kasi yenye mizinga kumi ya milimita 105. Ilifika Dar es Salaam Juni 1914, vita vikaanza Agosti, na tarehe 20 Septemba ikaingia bandari ya Zanzibar alfajiri ikaizamisha manowari ya Kiingereza iliyoitwa Pegasus, ambayo ilikuwa imesimama ikitengenezwa mitambo. Lakini mitambo ya Königsberg yenyewe nayo ikagoma. Kapteni wake, Max Looff, akaingiza meli Rufiji na kuificha ndani kabisa katikati ya mikoko. Na hapa ndipo pa kwanza kuonekana kwamba vita hii ilikuwa ya mafundi kabla ya kuwa ya mizinga: vipande vya mitambo vilivyoharibika vilifunguliwa, vikaburutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100, vikatengenezwa, vikaburutwa tena kurudi. Hapakuwa na lori. Waliovuta walikuwa watu.

Mwisho wa Oktoba 1914 manowari ya Kiingereza Chatham ikagundua meli ilipo. Kugundua si kuikamata. Meli kubwa za Waingereza hazikuweza kuingia kwenye vijito vya delta, na kutoka baharini unaona mikoko tu, kilomita baada ya kilomita, yote sawasawa. Anayepajua Salale atakuambia hata mwenyeji hupotea huko maji yakipwa. Kwa hiyo Waingereza wakahitaji jicho la juu. Mwaka 1914, jicho la juu maana yake ni mashine ya mbao, waya na kitambaa, iliyovumbuliwa miaka kumi na moja tu kabla.

Ya kwanza ilitoka Durban. Rubani raia aliyeitwa Dennis Cutler alikuwa huko na ndege-boti za Curtiss. Jeshi la maji likamkodi, likamvisha cheo, likamleta hadi kisiwa kidogo kusini mwa Mafia ambacho Wazungu wanakiandika Niororo. Bila shaka ni Nyororo, na mtaniwia radhi, lakini jina la kisiwa liliwaonya mapema kuhusu gundi zao. Novemba Cutler akaanza kuruka. Akapotea njia, akatua kwenye kisiwa kingine, ndege ikaumia. Rejeta haikufaa tena. Unajua walifanyaje? Waliagiza rejeta ya gari la Ford kutoka Mombasa wakaifunga kwenye ndege. Ikaruka. Aliiona Königsberg. Akirudi, bodi ya chini ikapasuka, na meli ikarudi Durban kuchukua sehemu za ndege ya pili ili kuikamilisha ya kwanza. Ndege moja kutoka mbili. Fundi yeyote wa bajaji pale Mbagala angewaelewa bila mkalimani.

Mapema Desemba injini ikamgomea Cutler juu ya delta, akatua mtoni, askari wa Kijerumani wakamkamata. Boti ya Waingereza ikaingia chini ya risasi na kuikokota ndege ikatoka nayo. Rubani walimwacha mateka. Nilipomsomea mjomba sehemu hii alicheka mpaka akakohoa: "Mbao zilikuwa ghali kuliko mtu."

Turudi kwenye plastiki, maana na mimi nilikuwa na delta yangu.

Bawa lilinyooka. Njia ni maji ya moto sana, yaliyotoka kuchemka sasa hivi: unachovya bawa sekunde chache, linalegea, unalilaza kwenye kioo, unaliwekea kitabu, unamwagia maji baridi. Mara tatu, likawa limenyooka kwa kiwango cha kusameheka. Nikajiona fundi. Kwa kiburi hicho nikachukua nusu mbili za mwili wa ndege, kulia na kushoto, nikazipaka supagluu moja kwa moja na kuzibana. Zikashikana papo hapo, zikiwa zimepishana. Pua ya kulia ilitangulia ya kushoto kwa milimita moja. Milimita moja kwenye kipimo cha 1/72 ni sentimita saba na zaidi kwenye ndege ya kweli. Rubani wangu angeruka akizunguka kama kuku aliyekatwa kichwa.

Hapo nikajifunza, kwa njia ngumu, tofauti ya gundi mbili. Gundi halisi ya kazi hii inayeyusha plastiki kidogo kila upande, pande mbili zinaingiliana, zikikauka zimekuwa kitu kimoja kama chuma kilichochomelewa. Na inakupa dakika za kusogeza. Supagluu haiyeyushi, inakaa katikati tu, haisubiri mtu, na ikishakauka ni ngumu lakini inavunjika kwa mshtuko. Binamu yangu akaleta dawa yake ya kuondoa rangi ya kucha. Nikaijaribu kwenye kipande cha fremu, na kikaanza kulainika kama ubani. Dawa ile ina asetoni, na asetoni inakula plastiki yenyewe. Bahati niliijaribu kwenye fremu.

Kilichoniokoa ni friza ya jirani anayeuza barafu. Supagluu ikiganda kwa baridi inakuwa dhaifu kama kigae. Nikaiacha ndege humo usiku kucha kati ya pakiti za juisi ya ukwaju, asubuhi nikaingiza ncha ya wembe kwenye mshono, ikalia *tak*, nusu mbili zikaachana salama. Wateja wa jirani walikuwa na maswali.

Mjomba alikuwa akiyatazama yote haya bila kusema neno, kwa adabu ile ya fundi anayemwona mjinga anaharibu mbao zake mwenyewe. Nilipotaka kupaka tena, akanishika mkono.

"Umejaribisha?"

"Nimejaribisha nini, mjomba?"

"Bila gundi. Unaweka kavu, unatazama, unatoa. Unaweka, unatoa. Mbao inakuambia inapokataa. Ukiilazimisha leo, kesho itajirudia ilivyokuwa."

Nikaweka kavu. Kweli, kulikuwa na kijipele cha plastiki ndani, alama iliyoachwa kiwandani kipande kilipotolewa kwenye kalibu, ndicho kilichokuwa kinasukuma pua. Siku nzima ya kwanza nilikuwa nagombana na kijipele. Nikakisugua kwa msasa, nusu zikakaa. Bado ukabaki ufa mgongoni, mwembamba, kutoka kiti cha rubani hadi mkiani.

"Kalafati," mjomba akasema, kama vile ni jambo la wazi kuliko yote duniani.

Kwa mlio mjini: mashua haijengwi bila nyufa. Mbao hukaa ubavu kwa ubavu, na kati yake fundi hushindilia pamba iliyolowekwa mafuta kwa patasi na nyundo, mpaka maji yasipite. Hiyo ndiyo kalafati. Ufa si aibu ya fundi, aibu ni ufa usiozibwa. Basi tukatafuta kalafati ya plastiki. Mafundi wa bodi za magari wana pati yao, lakini kwa ufa mwembamba namna ile ilikuwa nzito mno. Mwisho tukarudi kwa adui: nikakatakata fremu iliyobaki vipande vidogo, nikavitia kwenye kifuniko cha chupa na dawa ile ile ya kucha. Kesho yake nikapata uji mzito wa plastiki, wa rangi ile ile ya ndege. Unapaka kwa njiti ya kiberiti, unaacha ukauke vizuri kabisa, unasugua. Uji huo husinyaa unapokauka, kwa hiyo unarudia. Mara ya tatu, ukipitisha ukucha mgongoni, haukamatwi.

Usiku ule, uji ukikauka, ndipo nilipofungua tena maandishi niliyokuja nayo kuhusu ndege za mwaka 1915, nikasoma nilichokuwa nimekirukia miaka yote kwa haraka ya kufika kwenye mizinga.

Baada ya Cutler kutekwa, jeshi la maji lilituma ndege zake lenyewe, Sopwith mbili za kutua majini, chini ya rubani John Tulloch Cull. Zilifika Nyororo Februari 1915. Hebu fikiria Februari katika kisiwa kile. Ndege zilizojengwa kwa hewa ya Uingereza, mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka kwa tabaka, viungo vya gundi, kitambaa kilichokazwa kwa rangi, zimesafirishwa kwenye tumbo la meli, zimefunguliwa kwenye jua letu na unyevu wetu. Moja iliharibika upesi. Nyingine haikuweza kupanda juu ikiwa na rubani, mwenzake na mabomu. Na zote zikaanza kusambaratika kwa joto na unyevu, viungo vinalegea, mbao zinaachana.

Ziliachia.

Nilikaa pale na tochi ya simu nikaisoma aya ile mara tatu. Wazee wa Salale hawakuwa wameona maandishi ya jeshi la maji. Mjomba hajui hata jina la Cull. Lakini neno lilipita kutoka kwa walioona, au walioambiwa na walioona, likavuka miaka mia moja likiwa zima, na mimi mwenye digrii nikaliita ngano kwa sababu nilikuwa nimesoma sura ya mwisho peke yake. Kuna ndege iliyopigwa kwa mzinga, ni kweli. Lakini kabla ya hiyo kulikuwa na nyingine zilizoshindwa na gundi, na ni hizo wazee walizozisimulia. Mimi na mjomba tulikuwa tunabishana kuhusu ndege mbili tofauti, kila mmoja akidhani kuna moja tu.

Asubuhi nikamwamkia, nikamsomea. Nikamwomba radhi, na safari hii nikaomba mbele ya watu, maana kosa nilifanya mbele ya watu: shangazi, binamu, muuza barafu. Mjomba akasema yameisha. Akaongeza, "Na ile ya mzinga? Nisomee na hiyo, nisije nikawa mbishi kama wewe."

Nikamsomea. Aprili 1915 zikaja ndege tatu za Short, za aina iliyoitwa Folder kwa kuwa mabawa yake hukunjwa ili zikae melini. Zilikuwa zimechoka, zikapanda chini chini tu kiasi kwamba bunduki za kawaida ziliweza kuzifikia, lakini tarehe 25 Aprili Cull alipita juu ya Königsberg na picha zikapigwa. Nazo joto na risasi zikazimaliza. Wakati huo kisiwa cha Mafia kilikuwa mikononi mwa Waingereza tangu Januari, na hapo wakabadili akili kabisa: badala ya ndege za majini, wakaamua kutumia ndege za nchi kavu. Juni zikashushwa Mafia ndani ya masanduku, Henri Farman mbili na Caudron mbili. Sawa na mimi, zikaunganishwa hapo hapo, na sawa na mimi, si zote zilizosalimika hadi siku ya kazi.

Pamoja nazo zilikuja Severn na Mersey, manowari bapa zilizotengenezwa awali kwa ajili ya Brazil, zenye kina kidogo cha kuingia mtoni. Tarehe 6 Julai zikaingia. Ndege ilizunguka juu ikituma kwa simu ya upepo kila risasi inapoangukia, mbele, nyuma, kushoto. Zikafyatuliwa risasi zaidi ya 600, meli ikaguswa mara chache, na Mersey ikapoteza mzinga wake wa mbele na watu. Tatizo lilikuwa moja la kijinga: manowari mbili zilipiga kwa pamoja, na mtazamaji angani hakuweza kujua tope lililoruka ni la nani. Mjomba akatikisa kichwa. "Hawakujaribisha kavu."

Tarehe 11 Julai wakapiga kwa zamu. Cull akiendesha Farman, Harwood Arnold nyuma yake akituma ishara. Severn ikapata lengo. Karibu wakati ule ule kombora likapasuka jirani na ndege, injini ikafa. Cull akaanza kuteremka bila injini, Arnold akaendelea kutuma masahihisho huku wanashuka, mpaka risasi zikawa zinaangukia penyewe. Wakagonga maji karibu na Mersey, ndege ikapinduka. Arnold alitupwa nje. Cull alinasa chini ya maji, akajinasua kwa shida. Wote wawili wakaokolewa. Mchana ule Looff akaamuru meli yake ilipuliwe, ikakaa kwenye tope la Rufiji. Mizinga yote kumi ikatolewa, ikatengenezewa magurudumu Dar es Salaam, na ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, wengi wenu mmepiga picha mmeukalia.

Mjomba alinyamaza kidogo, halafu akauliza swali ambalo mhariri wangu hajawahi kuniuliza.

"Uwanja wa Mafia, nani alilima?"

Nikatazama maandishi. Uwanja "ulitengenezwa". Masanduku "yalishushwa". Mitambo ya Königsberg "ilisafirishwa". Mizinga kumi "ilivutwa". Ndugu zangu waandishi, tazameni kauli ya kutendwa inavyofanya kazi: kitendo kipo, mtenda hayupo. Cull yupo, Arnold yupo, hata yule Cutler aliyetekwa yupo na jina lake. Uwanja wa ndege wa mwaka 1915 haukujilima wenyewe, na mikono iliyovuta mizinga ya tani kadhaa kutoka kwenye mikoko haikuwa ya Kapteni Looff.

Na mimi nilikuwa nimenunua supagluu Kariakoo! Jina hilo limetokana na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, waliopiga kambi pale baada ya Waingereza kuiteka Dar es Salaam mwaka 1916. Makadirio yanayotajwa sana ya wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee katika vita ile yanakaribia 100,000, wengi kwa njaa na maradhi. Tunapita pale kila siku tunagombania bei ya viatu. Sanamu ya Askari tuliyo nayo mjini tangu 1927 ni ya askari mmoja na bunduki yake. Ya Nairobi, ya enzi hiyo hiyo, ina mpagazi miongoni mwao. Yetu haina.

Sikuwa na la kumjibu mjomba, nikaendelea na mabawa.

Ndege ya mabawa mawili ina adhabu yake: bawa la juu linakaa juu ya vinguzo vyembamba kama njiti, vyote vinatakiwa kuingia kwenye matundu yake kwa wakati mmoja. Matundu ya kwangu yalikuwa mafupi, nikayachimba kwa ncha ya sindano. Kisha tukapanga viberiti viwili viwili, vya kimo kimoja, juu ya bawa la chini, tukalaza la juu juu yake, likakaa sawa bila kushikwa na mtu. Vinguzo vikaingia kimoja kimoja, tone la gundi kwa njiti. Waya za kukazia mabawa nilitaka kuzitengeneza kwa kuvuta plastiki juu ya mshumaa mpaka iwe nyembamba kama unywele. Mjomba akakataa, akafumua uzi mmoja wa wavu wa zamani. Ulikuwa mnene kupita kiasi kwa kipimo kile, mtaalamu angelia. Tukautumia.

Rangi sitaisimulia. Ilikuwa mbaya.

Tuliitundika barazani, chini ya bati, pua ikielekea mashariki kulikokuwa na delta. Bawa la juu bado lina mkunjo kidogo ukilitazama kutoka upande wa mlango. Nikapanda gari kurudi Dar.

Juzi mjomba kanipigia. Bawa la chini, upande wa kushoto, limeachia kwa joto la bati. Nikaanza kumweleza habari za supagluu, na kwamba nikija nitaleta gundi ile halisi.

"Usihangaike," akanikatisha. "Nimeshalifunga kwa wavu. Wewe kanitafutie majina ya waliolima ule uwanja."